Kolesteroli: Adui wa Mishipa, Kalafati ya Seli



Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto wanne, ametuletea swali ambalo nimeona lastahiki safu nzima. Mumewe, aliyepita miaka hamsini, alipimwa damu akaambiwa kolesteroli yake imepanda, akaandikiwa vidonge vya kumeza kila usiku. Alivimeza miezi mitatu. Kisha ukamfikia ujumbe wa sauti, katika zile jumbe zinazozunguka kwenye simu zetu zisijulikane zimeanzia wapi, ukisema kwamba kolesteroli ndiyo ngao ya mwili dhidi ya vijidudu, na kwamba mwenye kuipunguza anajivua kinga yake kwa mkono wake mwenyewe. Bwana akavitia vidonge kabatini. Bibi anauliza: yasemwayo yana ukweli?

Jibu langu la kwanza ni fupi. Vidonge vitoke kabatini, na bwana arudi kwa daktari aliyemwandikia. Jibu la pili ni refu kidogo, kwa sababu ujumbe ule haukuzuliwa wote. Aliyeutunga alisikia jambo la kweli, tena jambo la ajabu ambalo wataalamu wameligundua katika miaka ya karibuni, akalikata kichwa na mkia na kulitoa sokoni likiwa kiwiliwili. Uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuukanusha, kwani ukisema "si kweli" utakuwa nawe umekosea.

Basi tuanze na kolesteroli yenyewe. Tumezoea kuisikia ikitajwa kama uchafu unaoziba mishipa ya moyo, hata wengine hudhani mwili usingekuwa nayo ungekuwa na siha zaidi. Sivyo. Kila seli ya mwili wa binadamu imezungukwa na utando mwembamba sana wa mafuta, na katika molekuli za mafuta zilizoujenga utando huo, kiasi cha theluthi moja ni kolesteroli. Mtu aliyewahi kuwatazama mafundi wa jahazi wakifanya kazi ataelewa upesi. Mbao hata zikirandwa vipi hubaki na nafasi baina yake, na fundi huzijaza kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta ili maji yasipenye. Kolesteroli hufanya kazi kama hiyo: huingia katika nafasi baina ya molekuli nyingine za mafuta, ikaufanya utando usivuje ovyo, usiwe laini mno wala mgumu mno. Bila ya kalafati hiyo seli haiishi.

Na sehemu kubwa ya kolesteroli tuliyo nayo haitoki sahanini. Mwili huitengeneza wenyewe, na ini ndilo fundi mkuu. (Kwa wale wanaoniuliza kila mara kuhusu tui: nazi haina kolesteroli, kwani kolesteroli hupatikana katika vyakula vya wanyama. Lakini mafuta ya nazi, kama samli, ni ya aina inayoganda, nayo mafuta hayo hulifanya ini lizembee kuiondoa kolesteroli iliyomo katika damu. Kwa hiyo wali wa nazi wa kila siku si sawa na wali wa nazi wa Ijumaa.)

Sasa tuingie vitani.

Miongoni mwa bakteria wanaoua watoto wengi duniani yumo nimokokasi, msababishi mkubwa wa nimonia, maradhi ambayo wazee wetu huyaita kichomi. Bakteria huyu ana sumu yake maalumu, nimolisini. Sumu hiyo hutoka ikiwa vipande vimoja vimoja, na kila kipande hutafuta kitu kimoja juu ya utando wa seli zetu: kolesteroli. Kikiipata hujishikiza hapo. Huja cha pili, na cha tatu, hata vikafika thelathini, arubaini au zaidi, vikajipanga duara kama watu walioshikana mikono. Duara likitimia huzama ndani ya utando na kutoboa tundu, na kwa tundu hilo vilivyomo ndani ya seli huvuja na visivyotakiwa huingia. Seli isiyoweza kuziba tundu hilo kwa haraka hufa. Bakteria wa vidonda vya koo ana sumu ya jamaa hiyo hiyo. Yule wa kidonda kinachooza kwa kutoa gesi anayo pia. Makabila mbalimbali ya bakteria, na wote wamejifunza kupita mlango mmoja.

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Si kila kolesteroli iliyo katika utando huonekana kwa sumu hizo. Nyingine imekumbatiwa na mafuta jirani yake hata haishikiki, na nyingine iko huru, imejitokeza. Sumu huishika iliyo huru tu. Mwaka 2020 watafiti wa Los Angeles na wengine wa Dallas, huko Marekani, kila kundi kwa njia yake, walionyesha namna kinga ya mwili inavyoitumia tofauti hiyo.

Vijidudu vinapoingia, chembe nyeupe za damu hupiga mbiu kwa kutoa protini ziitwazo interferoni. Makrofaji, zile chembe nyeupe kubwa ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi, zinapoisikia mbiu hiyo huichukua kolesteroli na kuitia atomi moja ya oksijeni. Kinachotoka hapo huitwa 25-haidroksikolesteroli. Jina ni refu, nasi tutaiita kolesteroli-25. Kazi yake si kujenga. Ni amri. Inaiamrisha seli ipunguze kutengeneza kolesteroli mpya, na ile iliyo huru juu ya utando iivute ndani, iifunge pamoja na mafuta mengine na kuiweka akiba katika vitone. Ni kama mwenye nyumba aliyesikia wezi wako mtaani, akaingiza ndani vyombo vilivyokuwa barazani. Nyumba ni ile ile na vyombo ni vile vile, lakini mwizi akipita hakuti cha kushika. Zaidi ya hayo, makrofaji huitoa kolesteroli-25 nje yake ili na seli za jirani zipate habari na zifanye vivyo hivyo.

Tazama basi kosa la ule ujumbe wa simu. Ulisema kolesteroli ni ngao. Ukweli ni kwamba seli hujikinga na sumu hizi kwa kuificha kolesteroli, si kwa kuiongeza. Kolesteroli ile ile ni kalafati wakati wa amani, na ni mlango wa adui wakati wa vita. Linaloamua hapa ni mahali ilipo.

Kundi la Dallas lilimtazama bakteria mmoja ambaye akina mama yafaa wamjue kwa jina: listeria. Huyu akishaingia katika seli moja hajisumbui kutoka nje ambako angekutana na askari wa kinga. Hujisukuma moja kwa moja kutoka seli hii kwenda ile, akiunyoosha utando mbele yake kama kidole kinachosukuma kitambaa, na kwa safari hiyo anahitaji kolesteroli iliyo huru. Seli zilizopata amri ya kolesteroli-25 huificha, na listeria hukwama alipo. Watafiti waliliona jambo hilo hilo kwa bakteria wa kuhara damu.

Kwa nini namtaja listeria kwa msomaji wa pwani? Kwa sababu hupatikana katika maziwa yasiyochemshwa, na kwa sababu mtu mwenye afya akiugua aweza kudhani ni homa ya kawaida, lakini mjamzito huweza kupoteza mimba, au mtoto kuzaliwa akiwa mgonjwa mahututi. Baridi ya friji haimuui. Huendelea kuzaana humo humo, ijapokuwa polepole. Kwa hiyo maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi au ya ngamia yanayoletwa mlangoni kwa chupa, mama mwenye mimba asiyanywe kabla ya kuchemshwa hata yakaumuka, hata kama anayeyaleta ni jirani anayeaminika. Uaminifu wa jirani hauingii ndani ya kiwele.

Kuhusu nimonia, pwani yetu ina habari njema inayojulikana ulimwengu mzima. Mwaka 2011 Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya nimokokasi, na wataalamu wa utafiti huko Kilifi walifuatilia matokeo kwa miaka. Maradhi makali yaletwayo na aina za bakteria zilizomo katika chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto walio chini ya miaka 5. Chanjo haiigusi ile sumu itoboayo seli. Huufunza mwili kulitambua ganda la bakteria, ili akamatwe kabla hajapata nafasi ya kuitoa. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hata hivyo mtoto aliyechanjwa aweza kupata nimonia ya namna nyingine, na ishara ni zile zile: anapumua kwa kasi, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, anakataa kunyonya. Huyo si wa kungoja asubuhi.

Kifua kikuu kina kisa kirefu zaidi, na mimi nakiona ndicho cha kutisha kuliko vyote. Bakteria wake hatoboi nyumba. Huhamia. Makrofaji humeza bakteria ili kuwaua, lakini huyu humezwa akaishi humo humo tumboni mwa askari. Mwaka 2000 John Gatfield na Jean Pieters, waliokuwa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba kolesteroli ya utando ni sehemu ya njia anayoingilia, na ni sehemu ya hila inayomwokoa asipelekwe mahali pa kuuliwa. Mwaka 2008 watafiti wa Massachusetts wakaongeza kwamba bakteria huyu ana chombo maalumu cha kuvuta kolesteroli ya mwenyeji wake, na kwamba huila, akajilisha kwayo katika maambukizo ya muda mrefu. Makrofaji zilizoambukizwa hujaa vitone vya mafuta hata zikionekana kwa hadubini kama povu. Humo bakteria hupunguza mwendo, hazaani sana, akatulia. Na kwa kuwa dawa nyingi humpata vizuri bakteria anapokuwa katika harakati za kuzaana, huyu aliyetulia huhitaji kuvumiliwa. Ndiyo maana aghalabu tiba huwa ya miezi 6, na ndiyo maana mgonjwa aliyeacha dawa mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimekoma na mwili umerudi, amewaachia nyumba wale waliolala.

Msomaji atauliza: basi, mgonjwa wa kifua kikuu anyimwe mayai na maini? La, asinyimwe. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti mdogo wa Mexico wa wagonjwa 21 walio katika tiba. Wapatao nusu yao walipewa chakula chenye kolesteroli nyingi, na wengine chakula cha kawaida. Baada ya wiki 2 makohozi ya asilimia 80 ya kundi la kwanza hayakuwa tena na bakteria wanaoota, dhidi ya asilimia 9 tu katika kundi la pili. Watu 21 ni wachache mno kuwekea kanuni, na simshauri mtu ageuze yai kuwa dawa. Lakini utafiti huo watukumbusha kwamba askari naye ana utando wa kujenga, si adui peke yake anayekula. Mgonjwa wa kifua kikuu aghalabu amekonda na damu yake ina kolesteroli kidogo. Ampikiaye na ampe mayai, samaki, maharagwe, mboga na matunda, pamoja na vidonge vyake kila siku bila ya kuruka.

Homa ya matumbo nayo ina mlango katika jambo hili. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha uchunguzi wa tofauti ndogo ya urithi inayoongeza kolesteroli katika utando wa seli. Utando wenye kolesteroli zaidi humrahisishia bakteria wa homa ya matumbo kutia nanga na kuingia, na huko Vietnam watu wenye tofauti hiyo walionekana kuwa katika hatari zaidi ya kuugua. Samaki wadogo wa maabara waliopewa dawa ya kupunguza kolesteroli waliwashinda bakteria hao vyema zaidi. Haya ni ya samaki, na kwetu sisi kinga ya homa ya matumbo ingali ni maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na mikono iliyooshwa kwa sabuni.

Turudi kwa bwana na vidonge vyake. Daktari alipomchukua damu alipima kolesteroli inayosafiri ndani ya mishipa. Hakupima iliyo katika utando wa seli, na hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachoipima. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kufunua jinsi vitu hivi viwili vinavyohusiana: seli huipima kolesteroli iliyo nayo, na ikipungukiwa hutengeneza yake yenyewe, au hutoa mikono nje na kuivuta ile ya damu. Vidonge vya jamii ya statini hutumia tabia hiyo hiyo. Hupunguza utengenezaji, hasa katika ini. Ini likahisi upungufu, likatoa mikono mingi zaidi na kuiondoa kolesteroli katika damu. Yaani damu husafika kwa sababu ini limejitafutia fungu lake. Seli haikuachwa uchi.

Na kama hoja hii haimtoshi, pana hesabu. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 11 makubwa yaliyowalinganisha wanaotumia statini na wanaopewa vidonge visivyo na dawa, watu zaidi ya 30,000 kwa jumla. Maambukizo yalikuwa sawasawa pande zote mbili. Vidonge havikuwaongezea watu maradhi ya vijidudu, wala havikuwakinga nayo. Hili la pili nalo lafaa kusemwa, maana upo uvumi wa upande wa pili, kwamba statini hutibu maambukizo makali. Lilijaribiwa: mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 745 wa Marekani ambao maambukizo yalikuwa yameyaharibu mapafu yao, walioshiriki katika jaribio la statini moja lililosimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa hakukuonekana faida. Upande wa moyo ndiko faida iliko. Katika utafiti wa nchi za Skandinavia wa mwaka 1994, uliohusu watu 4,444 waliokwisha kuugua moyo, waliomeza statini kwa zaidi ya miaka 5 walipungukiwa na vifo kwa asilimia 30.

Bibi alitaja pia kwamba bwana alihofia kuvikosa vidonge katika mwezi wa Ramadhani. Humezwa mara moja kwa siku, na vinaweza kumezwa usiku baada ya kufuturu, kwa hiyo saumu si kizuizi. Akipatwa na maumivu ya misuli asiyoyajua sababu yake, aende hospitali. Na kwa mabibi wanaovitumia wenyewe: anayetaraji mimba, aliye na mimba au anayenyonyesha amweleze daktari kabla ya kuendelea navyo.

Jambo la mwisho lahusu kupima. Maambukizo makali huishusha kolesteroli ya damu, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa, na huchukua wiki kadhaa kurudi mahali pake. Mtu aliyetoka kulazwa kwa nimonia au kwa homa kali akapimwa siku hizo hizo, aweza kupewa karatasi yenye hesabu nzuri akarudi nyumbani akifurahi bure. Kama ameugua karibuni, ampe daktari habari hiyo kabla ya kunyoosha mkono kwa sindano, na ikiwezekana kipimo kingoje hadi atakapokuwa amepona vizuri.